Mwenye banio anamhitaji nani? Jibu kwa mweka hazina wa mradi wa maji

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mweka hazina wa chombo cha maji cha kijiji chetu, upande wa Mbarali. Mradi wetu ni wa mserereko, maji yanashuka yenyewe bila pampu, una vituo kumi na viwili vya kuchotea. Masika maji yapo tele. Ikifika Septemba bomba linakohoa tu, kwa sababu wenzetu wa juu wamefungua mashamba ya mpunga, na huko milimani vinyungu, yaani bustani za mabondeni, kila mahali, wanaufunga mto wote. Halafu wananchi hawataki kulipa. Wanasema maji ni ya Mungu na sisi tunakula hela. Nimehudhuria semina mbili za utawala bora wa maji, tukafundishwa ushirikishwaji, uwazi, uwajibikaji na usawa. Daftari limejaa. Nikirudi kijijini sioni pa kuanzia. Hizo kanuni zinafanya kazi kweli au ni za kwenye makaratasi?"

Marahaba, dada yangu. Daftari lako usilitupe, ila kwa sasa liweke kando.

Orodha za kanuni hizo zipo nyingi. Mkutano wa Dublin wa mwaka 1992 ulitoa nne. Mwaka 2015 shirika la nchi tajiri, OECD, lilitoa kumi na mbili. Nimezisoma na sina ugomvi nazo. Tatizo lake ni kwamba zinaeleza utawala bora unavyofanana ukishakuwepo. Ni kama mtu akuulize amlishe nini ng'ombe wake aliyekonda, wewe ukamweleza ng'ombe mnono anavyong'aa manyoya.

Mimi nikifika kwenye mradi wowote huuliza swali moja kabla ya yote: aliyeshika maji anamhitaji nani? Kama anakuhitaji wewe, atakusikiliza hata asipohudhuria semina. Kama hakuhitaji, utamsomea sheria mpaka koo likauke. Swali hilo nilifundishwa na bonde la Usangu, kwenu huko huko, na nilifundishwa kwa aibu, kwa sababu nilikuwa miongoni mwa waliokosea.

Nilipokuwa kijana nilishiriki kuchora mabanio ya zege, yaani kuta za kuzuia mto na kugeuzia maji mferejini, kwenye vijito vinavyoshuka kuingia mto Ruaha Mkuu. Kabla ya hapo wakulima walikuwa na mabanio ya asili: miti, mawe, majani na udongo. Kila masika mafuriko yaliyasomba. Kila mwaka ilibidi watu wakusanyike kuyajenga upya, na kazi ilikuwa nzito kiasi kwamba watu wa juu peke yao hawakuiweza. Waliwaita wa chini. Wa chini walikuja na majembe, na kwa sababu walikuja, walipata zamu. Isitoshe, banio la miti huvuja, na lile lililovuja lilikuwa ndilo la kijiji kinachofuata. Sisi wataalamu tulipoliangalia tukaona uchakavu na upotevu. Tukaleta zege na mlango wa chuma wa kuzungusha.

Zege halivuji wala halisombwi. Mwenye kulishika anaweza kuufunga mto hadi tone la mwisho, na hahitaji jembe la mtu yeyote. Msimu wa pili tu baada ya kukabidhi mradi mmoja, mzee wa kijiji cha chini aliniambia, "Mmetutenganisha." Nilidhani analalamika kuhusu maji. Alikuwa anazungumzia watu.

Baadaye nikaja kugundua kwamba jambo hilo limechunguzwa kwingine. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, yeye na wenzake walilinganisha skimu zaidi ya 100 za umwagiliaji nchini Nepal. Mifereji ya udongo iliyoendeshwa na wakulima wenyewe ilifikisha maji mkiani, yaani kwa watu wa mwisho wa mfereji, vizuri kuliko ile iliyojengewa vichwa (mabanio) vya zege na kuendeshwa na serikali. Sababu haikuwa kwamba udongo una baraka. Sababu ni kwamba watu wa kichwani waliendelea kuhitaji mikono ya watu wa mkiani.

Sasa nirudi kwako. Umechanganya mambo mawili, na kila moja lina mlango wake. La kwanza ni maji yaliyo mtoni, yaani rasilimali. Hilo linasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, na mlango wake ni Bodi ya Maji ya Bonde. Tanzania ina mabonde tisa. Lenu ni Rufiji na ofisi yake ipo Iringa. La pili ni maji yaliyo bombani, yaani huduma. Hilo lipo chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuvipa sura mpya vyombo vya jamii kama chenu. Watu wengi humlalamikia meneja wa RUWASA wa wilaya kwa sababu mto umefungwa. Yeye hana kibali cha mtu cha kufuta. Wengine huenda bonde kulalamikia koki mbovu. Wanazungushwa, halafu wanasema serikali haisikii.

Nitaanza na bomba kwa sababu hilo lipo mikononi mwako.

Wananchi wanaosema maji ni ya Mungu hawajakosea, na msemo huo una historia kuliko unavyodhani. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Serikali ingejenga na serikali ingeendesha, bila malipo. Nia ilikuwa njema, na mabomba mengi yalijengwa. Ila fundi wa pampu alilipwa na mkoa, dizeli ilitoka mkoani, vipuri vilitoka mkoani. Pampu ikifa, fundi alimsubiri nani? Mkoa. Mwanakijiji hakuwa sehemu ya hesabu hiyo hata kidogo, na mkoa ulipoishiwa, pampu zilibaki sanamu. Sera ya maji ya 1991 ikaanza kuzungumzia kuchangia, na ile ya 2002 ikasema wazi kwamba jamii za vijijini zimiliki miradi na kubeba gharama za uendeshaji. Hata hivyo, vituo vilipohesabiwa nchi nzima mnamo 2013, takriban vinne kati ya kumi vilikuwa havitoi maji. Kwa hiyo kuwaambia watu "changieni" peke yake hakukutosha.

Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni hesabu iliyo wazi. Kamati nyingi hupanga bei kwa huruma. Mtu anasema shilingi ishirini kwa ndoo, mwingine anasema wajane watashindwa, inakuwa kumi, mkutano unafungwa kwa makofi. Hakuna aliyeuliza mradi unakula kiasi gani.

Chukua kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, fundi analipwa shilingi 120,000 kwa mwezi, anayetunza hesabu 100,000, vipuri na matengenezo madogo 150,000, na akiba ya siku bomba kuu litakapopasuka 200,000. Jumla 570,000. Kama vituo vyote vinatoa ndoo 15,000 kwa mwezi na kila ndoo inalipiwa, bei ni shilingi 38. Lakini kama theluthi ya maji inavuja au inachotwa na wasiolipa, ndoo zinazolipiwa zinabaki 10,000, na bei inapanda hadi 57. Hizo shilingi 19 za nyongeza ndizo za kuwaonyesha watu mkutanoni. Anayelipa anamlipia asiyelipa. Akishaliona hilo kwa tarakimu, jirani ataanza kumuuliza jirani, na wewe hutahitaji kupiga kelele. Kwa wajane na wagonjwa, mkutano upitishe majina ya watakaosamehewa, gharama yao iingizwe kwenye hesabu kama mstari wake. Huruma yenye mstari wake haiui mradi.

Tambua pia kwamba mradi wa mserereko humdanganya mtu. Hauna dizeli, hauna umeme, kwa hiyo miaka mitano ya kwanza unaonekana hauna gharama. Kisha bomba lililozeeka linapasuka mahali kumi kwa mpigo, na akaunti ina shilingi elfu thelathini. Ile akiba ya 200,000 ndiyo mstari ambao kamati huifuta kwanza kila watu wakilalamikia bei. Usikubali ifutwe.

Sasa ile shutuma kwamba mnakula hela. Sijui kama mnakula, wala sikuulizi. Ninachojua ni kwamba kamati isiyobandika hesabu itashutumiwa iwe inakula au haili, kwa hiyo mwaminifu hafaidiki chochote kwa uaminifu wake. Bandika karatasi kwenye kila kituo, kila mwezi: ndoo zilizouzwa, fedha zilizoingia, zilizotoka na kwa nani, salio la benki. Karatasi moja kwa maandishi makubwa. Taarifa ya kurasa kumi iliyofungiwa kabatini haihesabiki kuwa uwazi. Mwenyekiti wa kijiji asiwe mtia saini wa akaunti, hata kama ni malaika, kwa sababu siku utakapotaka kumshtaki mwizi, yeye ndiye utakayempelekea mashtaka. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Hesabu ya maji iwe ajenda ya kwanza, wakati watu bado hawajachoka. Na kama mnauita mkutano huo saa ya akina mama kuteka maji, basi mmewaalika wasiokuwepo. Nimewahi kuona kamati yenye wanawake nusu kwa nusu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika kitabu cha risiti. Wewe unakishika. Shikilia hapo hapo.

Kuna udhaifu mmoja nchini ambao nitausema wazi kwa kuwa mimi si mwanasiasa. Mijini, mamlaka ya maji ikitaka kupandisha bei, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huitisha taftishi, wananchi wanasimama na kuhoji, na kuna baraza la ushauri linalowasemea watumiaji. Vijijini, RUWASA ndiyo inayojenga mradi na ndiyo hiyo hiyo inayosimamia vyombo vinavyouendesha. Bomba likilazwa juu juu na kupasuka mwaka wa pili, anayepaswa kusema kwamba lililazwa vibaya ni yule aliyesimamia kulilaza. Sisemi watu wake ni wabaya. Nimefanya kazi na mainjinia wazuri sana huko. Nasema refa asiwe na jezi ya timu. Mpaka hilo litakaporekebishwa, refa wenu ni mkutano wa kijiji na ile karatasi ukutani.

Wasiokuwa na refa tuliwaona Dar es Salaam pia. Agosti 2003 kampuni binafsi, City Water, ilianza kuendesha maji ya jiji kwa mkataba. Mei 2005 serikali iliuvunja. Kesi ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2008 uamuzi ukatoka kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji, lakini haikuamriwa kulipa fidia hata senti. Watu hubishana mpaka leo kama maji yawe ya umma au ya binafsi. Mimi naona jambo dogo zaidi. EWURA ilikuwa imetungiwa sheria tangu 2001 lakini ilianza kazi 2006. Miaka yote ile ya mkataba, mteja aliyekosa maji hakuwa na mtu wa tatu wa kumkimbilia.

Haya, twende mtoni. Hapa ndipo penye kazi ngumu.

Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, chini ya kinamasi cha Ihefu, pale unapoingia hifadhini. Tangu hapo kila mtu amepata wa kumlaumu. Walilaumiwa wafugaji, na kuanzia 2006 wakaondolewa Usangu na mifugo yao. Mwaka 2008 eneo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto uliendelea kukauka. Hilo peke yake linakuonyesha kwamba jibu halikuwa ng'ombe, au halikuwa ng'ombe peke yao. Maji ya kiangazi yanaishia mashambani kabla hayajafika Ihefu.

Miaka ya tisini ilijaribiwa dawa nyingine: haki za maji za kulipia, zilizoandikwa kwa lita kwa sekunde. Kwenye karatasi ilipendeza. Mtoni ilileta balaa. Kibali kikisema lita 200 kwa sekunde, na mto wenyewe mwezi Oktoba una lita 150, mwenye kibali anafunga mto wote na bado anaweza kusema anadai 50. Zaidi ya hapo, amelipa. Zamani alikuwa na aibu kidogo akiwanyima wa chini. Sasa ana risiti.

Kwa hiyo ukienda bonde usiombe "mtusaidie maji". Omba mambo mawili mahususi. La kwanza, kwamba vibali vya wa juu vipitiwe upya, na mgao wa kiangazi uwe sehemu ya maji yaliyopo badala ya idadi ya lita. Kwa ujenzi ni rahisi: ukuta wenye mapengo mawili yenye sakafu sawa, moja la mfereji, jingine la mto. Mto ukijaa, kila pengo linapata zaidi. Ukipungua, wote wanapungukiwa pamoja. Hakuna mlango wa kuzungusha usiku. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuangalia na kusema kama kuna mtu ameziba.

La pili, ikumbushwe kwamba sheria ya 2009 imeweka matumizi ya nyumbani kuwa kipaumbele cha kwanza, kisha maji ya kuupa uhai mto wenyewe, halafu ndipo shughuli za uchumi. Bomba lenu ni matumizi ya nyumbani. Mpunga wa kiangazi ni uchumi. Huhitaji kugombana na mtu kwa hilo, limekwisha kuandikwa.

Wenzetu wa Oman walilielewa hili karne nyingi kabla ya sheria zetu. Falaj zao, mifereji inayoleta maji kutoka chini ya milima, zaidi ya 3,000 zinafanya kazi mpaka leo. Mahali mfereji unapotokeza kijijini, pa kwanza ni pa kuchota maji ya kunywa. Yakipita hapo ndipo yanaenda kwenye mitende, na mwisho kabisa kwenye mashamba ya msimu. Ukame ukija, mashamba ya msimu ndiyo yanayopunguzwa. Mtende unalindwa kwa sababu ukifa haurudi mwaka ujao. Zamu inapimwa kwa nusu saa, mchana kwa kivuli cha jua na usiku zamani kwa nyota. Kilichonivutia mimi ni hiki: falaj yenyewe huwa na zamu zake, zinapigwa mnada, na fedha hizo ndizo zinazolipia ukarabati. Msimamizi wake hamngojei mfadhili.

Kuhusu vinyungu, tahadhari kidogo. Utaambiwa uwashtaki kwa sheria ya mita 60, ile ya mazingira ya 2004 inayokataza shughuli ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Ipo, na inafaa. Nimeona mara nyingi inavyotumika: anayeng'olewa ni mama mwenye matuta manne ya mboga, mwenye pampu kubwa anapewa muda wa kujieleza. Mama huyo akirudi, na atarudi kwa sababu ana watoto, atakuwa adui yako aliye juu ya chanzo chako. Si mahali pa kuwa na adui.

Kenya, kuzunguka Ziwa Naivasha, walipita njia nyingine. Watumiaji wa maji wa chini, wakiwemo wenye mashamba ya maua, kupitia jumuiya yao waliwalipa wakulima wadogo wa milimani vocha za pembejeo ili wapande nyasi za kuzuia mmomonyoko na kuacha kulima kingo. Mkulima wa juu akapata sababu ya kumjali mtu wa ziwani asiyemfahamu. Nyinyi hamna fedha za maua. Lakini watu wa juu hununua nini kwenu? Mchele wao hukobolewa wapi? Watoto wao husoma sekondari gani? Lori lao likija masika linapita daraja la nani? Ukae na wazee mtafute wanachohitaji kutoka chini. Kikipatikana, hapo ndipo Jumuiya ya Watumia Maji ya mto mzima, ambayo sheria inairuhusu, itakuwa na kitu cha kuzungumza zaidi ya kulaumiana. Siku ya kusafisha mfereji wao, pelekeni watu arobaini wenye majembe bila kuitwa. Kisha ombeni zamu ya usiku, bomba lenu lijaze tangi kuanzia saa nne mpaka alfajiri. Mpunga hautakufa kwa kukosa usiku mmoja mmoja, na tangi likijaa usiku, asubuhi yenu itapita.

Kabla ya hayo yote pima. Bila namba, bonde watakusikiliza kwa heshima na kukurudisha nyumbani. Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Kila Jumatatu asubuhi, kuanzia Mei mto ukiwa bado na nguvu mpaka Novemba, nendeni wawili kwenye bomba linaloingia tangini, mhesabu sekunde ndoo inavyojaa. Ikijaa kwa sekunde 10 mnapata lita 2 kwa sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40 ni nusu lita. Mwingine aende banioni kwa wa juu siku hiyo hiyo, aandike kama mlango umefunguliwa na kwa kiasi gani, na kama kuna maji yanayopita kwenda chini. Tarehe, saa, sekunde, majina ya waliopima. Mtu wa juu akikubali, naye atie saini. Daftari la semina lina kurasa tupu nyuma; tumia hizo, na Desemba nitumie picha zake.